Rejista ina majina 412, darasani wako 350: tuwatafute vipi watoto bila kuwaogofya wazazi?

*"Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ndogo ya jamii huko Mukuru, Nairobi, ya aina ile inayosajiliwa kama APBET, yaani utoaji mbadala wa elimu ya msingi na mafunzo. Rejista zetu zina majina 412, lakini nikipita madarasani asubuhi siwapati zaidi ya watoto 350. Wengine walipotea tangu mafuriko na ubomoaji wa mwaka 2024, wengine ni wa juzi tu. Mfadhili mmoja amejitolea kutununulia mashine ya alama za vidole na kamera ya langoni, na anataka kila mwezi tumpelekee yeye na chifu orodha ya watoto wasiosoma, pamoja na mahali wanapoishi, ili wafuatiliwe. Wakati huohuo tumeanza kufunga lango saa moja na nusu asubuhi kwa ajili ya usalama, baada ya mgeni mmoja kuingia hadi darasani bila kuulizwa. Tangu wazazi wasikie habari za orodha, baadhi yao hawapokei simu zetu. Tunakosea wapi, na tuanzie wapi?"*

Mwalimu, katika barua yako kuna jambo uliloliandika mwishoni kana kwamba ni dogo, nalo ndilo la kushughulikiwa kwanza: wazazi hawapokei simu. Mtoto aliyeacha shule anaweza kurudi iwapo nyumbani kuna mtu mzima ambaye bado anazungumza na shule. Uzi huo ukikatika, rejista iliyoandikwa vizuri, mashine ya kisasa na chifu mwenye bidii havitakusaidia sana. Kwa hiyo nitajibu nikiuweka uzi huo mbele. Kila takwimu mnayoikusanya na kila hatua ya usalama mnayoichukua nitaipima kwa swali moja, yaani kama inamfanya mzazi wa Mukuru awe tayari kuwaambia mtoto wake yuko wapi, au inamfanya azime simu.

Tuwatazame kwanza hao watoto 62, yaani tofauti ya 412 na 350. Mfadhili anawaita watoto wasiosoma, lakini kwa sasa hakuna anayejua kama ni hivyo; kinachojulikana ni kwamba asubuhi hawako kwenu. Mmoja huenda nyumba yao ilibomolewa kando ya Mto Ngong, wakahamia Njiru, na sasa yuko Gredi ya 6 huko, ana sare mpya na marafiki wapya. Mwingine amepelekwa kwa nyanya yake mashambani. Wa tatu huja siku tatu kwa wiki. Wa nne ameacha kabisa, anamlea mdogo wake ili mama aweze kwenda kufua nguo za watu South B. Wa tano alifika saa moja na dakika thelathini na tano, akakuta lango limefungwa, akarudi. Wote watano wameandikwa alama moja kwenye rejista, na ukiwapelekea chifu majina yao kwa pamoja, utakuwa umemtuma kwenye milango mitano huku mlango mmoja tu ndio uliohitaji kubishwa kwa haraka.

Tofauti hii haikubuniwa na mimi. Tangu mwaka 2010, UNICEF na Taasisi ya Takwimu ya UNESCO wamekuwa wakizishauri nchi ziwatenge watoto katika makundi: walio nje ya shule katika umri wa chekechea, wa shule ya msingi na wa sekondari ya chini, kisha walio ndani ya shule ya msingi au ya sekondari ya chini lakini wako karibu kutoka. Hata walio nje hawafanani, kwa kuwa yupo aliyewahi kuingia akaacha, yupo atakayeingia akiwa amechelewa, na yupo ambaye mambo yakibaki yalivyo hataingia kamwe. Shule ina uwezo mkubwa juu ya wale walio karibu kutoka, uwezo wa kadiri juu ya waliotoka karibuni, na uwezo mdogo sana juu ya wale ambao majina yao hayajawahi kuandikwa popote. Nasema hivi ili ujue nguvu zako ziende wapi, kwa sababu walimu wako wana madarasa ya kufundisha na hawana siku ya nane katika wiki.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika shule moja ya upande wa Mathare, ambayo sitaitaja, na mwalimu wa darasa la watoto wapatao hamsini. Tulikuwa na rejista mezani na majina kumi na tisa tuliyoyazungushia wino kwa sababu wenyewe hawakuonekana kwa wiki mbili. Mwalimu alizijua habari za watoto wanne. Mpishi alikuwa akipita na sufuria ya githeri, akasimama mlangoni akiwa amejifunga leso kiunoni, akatuomba tusome majina kwa sauti. Huyu amehamia Huruma, mama yake amepata chumba cha bei nafuu. Hawa wawili ni mtu na dadake, baba yao amelazwa. Huyu mnamtafuta wa nini, si jana nilimpa chakula? Kufikia sufuria ilipoanza kupoa, tulikuwa tumebaki na majina sita tusiyoyajua. Orodha ya kumi na tisa ilikuwa imetukatisha tamaa. Ya sita tuliigawana jioni ileile. Ndiyo maana nakuomba, kabla ya kununua chochote, ukae mchana mmoja na walimu wa madarasa, mpishi, mlinzi wa lango na mzazi mmoja au wawili wa bodi, msome majina hayo 62 moja baada ya jingine.

Baada ya hapo irudieni rejista yenyewe, kwa maana inajua mengi kuliko tunavyoipa nafasi ya kusema. Muhula wa wiki kumi na tatu una siku 65 za masomo. Mtoto anayekosa siku moja tu kila wiki haonekani kuwa na tatizo, kwa sababu kila Jumatatu mwalimu anamwona tena na kusahau. Lakini mwisho wa muhula amekosa siku 13, ambazo ni moja ya tano ya masomo yote. Katika baadhi ya nchi, mwanafunzi aliyekosa moja ya kumi huhesabiwa kuwa yuko hatarini, na kwa hesabu yenu hiyo ni siku sita au saba kwa muhula. Tazameni pia mpangilio wa siku zenyewe. Anayekosa kila siku ya soko pengine anasaidia kuuza. Msichana anayekosa siku tatu au nne kila baada ya wiki nne, pengine hana sodo, au choo chenu hakina komeo. Anayepotea wiki ya mtihani na kurudi wiki inayofuata, ulizeni kama kulikuwa na hela za mtihani zilizodaiwa. Anayekosa siku zenye somo fulani tu, hapo ulizeni kwa upole zaidi, kwa sababu huenda anamkimbia mtu.

Haya yote yanategemea rejista kuwa ya kweli. Sisi wote tuliopitia madarasani tunaijua rejista inayojazwa Ijumaa jioni kwa mpigo mmoja, safu nzima ya waliohudhuria, wino wa rangi moja na mkono usioinuka. Sisemi walimu wako wanafanya hivyo, ila nakushauri uwe na njia ya pili ya kulinganisha. Kama mnapika, sahani zilizotoka jikoni ni hesabu ambayo mtu hadanganyi kirahisi, maana chakula kikibaki kinaonekana. Shule za msingi za umma hapa Nairobi zilizo katika mpango wa Dishi na County, ulioanza mwaka 2023, zina watoto wanaolipia mlo shilingi 5 kwa kugusisha bangili kwenye kifaa, na mguso huo unaacha kumbukumbu ya nani alikuwapo mchana. Kumbukumbu hiyo ni hazina, lakini ina hatari yake. Siku mtoto atakaposikia kwamba bangili ya chakula ndiyo iliyompeleka mzazi wake kwa chifu, ataivua, na atakuwa ameikosa shule na mlo kwa pamoja.

Huenda mtu akakuambia kwamba hakuna haja ya haya yote kwa sababu Wizara ya Elimu ina mfumo wake. Upo, na una kazi yake. NEMIS, ulioanza mwaka 2017 na sasa unaupisha mfumo mpya wa KEMIS, unampa kila mwanafunzi nambari yake ya kipekee na kuonyesha ameandikishwa shule gani. Kuandikishwa, hata hivyo, si kuhudhuria. Mtoto aliyeacha mwezi Februari anaweza kubaki mwanafunzi halali wa mfumo kwa muda mrefu, hasa kama fedha za ruzuku hutumwa kwa idadi ya majina. Kadhalika, anayehama anapaswa kuachiliwa na shule ya zamani kabla shule mpya haijampokea katika mfumo; mwalimu mkuu wa zamani akisita, au asipopatikana, mtoto anasoma kwingine huku mfumo ukidai yuko kwako. Kama shule yenu imo kwenye mfumo, wanaohama waachilieni mara moja. Kama haimo, wapigieni walimu wakuu wa shule za jirani. Katika hao 62, nadhani utashangazwa na wangapi watapatikana kwa simu za siku moja.

Watoto ambao hawajawahi kuandikishwa wanahitaji njia nyingine, na hapo rejista haina la kusema. Njia nyepesi niijuayo ni ndugu zao. Siku ya mkutano wa wazazi, au mzazi anapokuja kulipa chochote, muulizeni nyumbani kuna watoto wangapi wa umri wa kusoma na wako shule gani. Mwulizeni mtu mzima. Msimfanye mtoto wa Gredi ya 2 kuwa mpelelezi wa jirani zake. Njia ya pili ni wahudumu wa afya ya jamii. Mwezi Septemba mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 nchini kote, na kazi yao ni kuingia nyumba kwa nyumba. Wanafunguliwa milango ambayo sisi hatufunguliwi, kwa kuwa wanakwenda kumpima mama shinikizo la damu wala hawaendi kumshtaki. Usiwaombe daftari lao la kaya, hilo ni siri ya wenyewe. Waombe wapeleke ujumbe, kwamba shule hii inapokea, na huyu ndiye mwalimu wa kumwona.

Ujumbe huo lazima uguse cheti cha kuzaliwa, kwa sababu mfumo wa NEMIS ulikidai ili kutoa nambari, na kuanzia hapo wazazi wengi wakaamini kwamba mtoto asiye na cheti haruhusiwi kuketi darasani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haikuandika humo sharti la karatasi. Mpokeeni kwanza, kisha msaidieni mzazi kuanza usajili wa kuchelewa akiwa tayari ana mtoto darasani. Vivyo hivyo kwa msichana aliyejifungua: miongozo ya Wizara ya mwaka 2020 inamruhusu kurudi, na mzazi wake pengine hajawahi kuambiwa. Na kwa mtoto mwenye umri mkubwa anayeona haya kukaa na wadogo, mkumbusheni kwamba nchi hii mwaka 2004 ilimpokea mzee Kimani Maruge darasa la kwanza akiwa na miaka 84.

Sasa tuje kwa orodha ya chifu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mwalimu mkuu achunguze sababu za mtoto kutohudhuria, kwa hiyo kufuatilia si hiari yako, ni wajibu. Lakini sheria hiyohiyo inamwadhibu mzazi asiyempeleka mtoto shule kwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mama anayefua nguo kwa kibarua cha siku haijui namba ya kifungu, ila anajua kwamba jina lake likifika kwa chifu kuna mahali linaweza kuishia. Ongeza hapo kwamba huenda anadaiwa kodi ya chumba, huenda hana kitambulisho, na huenda ubomoaji wa 2024 ulimfundisha kwamba mtu wa serikali akija na daftari, tingatinga halipo mbali. Hofu hiyo si ujinga. Ni mtu aliyejifunza kutokana na yaliyompata, na ukitaka kumshawishi usianze kwa kumwambia amekosea.

Kisheria pia orodha hiyo ina kasoro kubwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hairuhusu taarifa za mtoto kushughulikiwa ila kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto mwenyewe. Taasisi za elimu ni miongoni mwa zile zinazotakiwa kusajiliwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mwaka 2023 ofisi hiyo ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa sababu ya picha za watoto zilizochapishwa bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha tu. Orodha yenye jina la mtoto, mahali anapoishi na habari kwamba mchana yuko nyumbani peke yake ni kitu cha hatari kubwa zaidi mikononi mwa mtu mbaya. Nisamehe nikisema waziwazi kwamba kwa mnajisi hiyo ni ramani. Mfadhili hahitaji majina. Mpe idadi: waliopotea ni wangapi, waliopatikana ni wangapi, waliorudi na kukaa hadi mwisho wa muhula ni wangapi. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiheshimu, kwa sababu kumrudisha mtoto Jumatatu si vigumu kama kumkuta bado yupo miezi mitatu baadaye. Ukumbuke tu kwamba darasa lenye watoto wachache linaweza kumtambulisha mtoto hata bila jina; "msichana mmoja mjamzito, Gredi ya 8" katika shule ndogo ni jina kamili.

Kuhusu mashine ya alama za vidole, nitakuwa mkweli: inaweza kumzuia mwalimu kujaza rejista Ijumaa jioni, na hiyo si faida ndogo. Lakini vidole vya watoto wadogo husomeka kwa shida, na vya wakubwa wanaookota vyuma au kufua nguo huwa vimechakaa, hivyo asubuhi mtakuwa na foleni ndefu langoni na mlinzi anayelazimika kuandika majina kwa mkono. Sheria inazihesabu alama za mwili kuwa taarifa nyeti. Nenosiri likivuja hubadilishwa. Mtoto wa miaka saba akiibiwa taarifa za kidole chake, atazeeka na kidole hichohicho. Umeme ukikatika mtarudi kwenye karatasi. Kwa shule ya watoto 350, ambapo mlinzi na mpishi wanawajua watoto kwa sura, sioni mashine hiyo ikikuambia usichoweza kukijua kwa bei ya kalamu. Kamera ya langoni naichukulia kwa upole kidogo, mradi ielekee nje na isielekee madarasani wala vyooni, wazazi waelezwe ipo kwa sababu gani, picha zifutwe baada ya muda uliokubaliwa na bodi, na mtu anayeruhusiwa kuzitazama awe mmoja anayejulikana.

Suala la lango limenichukua muda zaidi kulitafakari, kwa sababu nia yenu ilikuwa njema na mgeni yule kweli aliingia. Tatizo ni kwamba lango lililofungwa saa moja na nusu halimjui mgeni, linamjua anayechelewa. Na anayechelewa Mukuru ni nani? Ni yule aliyepanga foleni ya maji, aliyempeleka mdogo wake kwa mlezi, aliyesubiri mama arudi kutoka zamu ya usiku. Ni yuleyule ambaye uko karibu kumpoteza. Anarudishwa mara ya kwanza, anakaa nyumbani kwa aibu. Mara ya pili anamdanganya mama kwamba hakukuwa na masomo. Mara ya tatu hajisumbui kuamka, na ninyi mnaandika sifuri na kumwita mtoro, kumbe mlimtoa wenyewe kidogokidogo. Fungeni lango, naam, lakini mlinzi afungue mlango mdogo kwa kila mtoto kwa saa yoyote, aandike jina na saa aliyofika, ampeleke darasani bila fimbo wala maswali ya kumwaibisha. Mgeni mtu mzima ndiye asimame, aseme anakuja kwa nani na asindikizwe. Daftari hilo la wanaochelewa litawapa orodha ya walio hatarini mapema kuliko rejista yenyewe.

Usalama unaomvuta mtoto shuleni mara nyingi hauonekani kama usalama. Mzazi anafikiria jengo, na ana sababu: mwezi Septemba mwaka 2019 madarasa ya shule moja ya Ng'ando, Dagoretti, yaliporomoka na wanafunzi 8 wakafa. Baada ya msiba ule shule nyingi za aina yenu zilifungwa, na funzo lenye pande mbili ni kwamba jengo bovu linaua, na kufunga shule bila kuonyesha watoto waende wapi kunaongeza walio nje. Kagueni paa na nguzo zenu kabla hamjakaguliwa. Mtoto mwenyewe anafikiria mambo mengine: mbwa wa kona ile, vijana wanaokaa darajani, choo kisicho na komeo, mwalimu anayechapa ingawa adhabu ya viboko imepigwa marufuku tangu mwaka 2001. Tembeeni na watoto njia yao ya asubuhi mara moja tu, mkiwa walimu wawili, na wao wawaonyeshe wanapokimbia na wanapotembea. Mkitoka hapo mtajua wanaokaa upande ule wapangwe waje kwa makundi na mkubwa gani awaongoze. Msimu wa mvua, kama ule wa 2024 ambapo muhula wa pili ulisogezwa hadi Mei 13, mwe na nambari mbili za simu kwa kila mtoto, moja ya mzazi na nyingine ya mtu asiyeishi nyumba hiyo, kwa kuwa familia ikihamishwa usiku simu ya kwanza mara nyingi ndiyo inayopotea.

Mzazi ambaye hapokei simu mpelekeeni mtu badala ya kumpigia mara ya kumi. Mtu huyo awe yule anayemjua: mwalimu wa darasa, au mzazi mwenzake anayeuza mboga kibanda cha pili. Aende wakati mama yupo, asiende na karatasi mkononi, na aanze kwa kumwulizia mtoto hali yake, si kwa nini hakuja. Kama kuna deni la hela za shule, aseme mapema kwamba deni litazungumzwa baadaye na mtoto aje kesho. Naijua hali ya fedha ya shule za jamii na sisemi hili kwa wepesi. Mishahara ya walimu wako inatoka kwenye hela hizohizo. Lakini mtoto aliyefukuzwa kwa sababu ya shilingi 300 na asirudi hawaletei hizo 300 wala nyinginezo.

Yapo mambo ambayo hampaswi kuyamaliza wenyewe. Mkienda nyumbani mkakuta au mkahisi kwamba mtoto anapigwa, ananajisiwa, ameozwa au amefungiwa kwa kazi, msimhoji mkaandika ushahidi wenu na msiitishe kikao cha familia. Pigeni nambari 116 ya msaada wa watoto, ambayo haitozwi, au mwendeeni afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu ana kwa ana. Kwa unajisi, hospitali na dawati la jinsia la polisi siku hiyohiyo, kabla mtoto hajaogeshwa wala nguo hazijafuliwa. Anayetuhumiwa akiwa mmoja wa walimu wenu, jambo hilo haliwi la bodi kulisuluhisha. Mtoto asiyesikia, asiyeona vizuri, mwenye kifafa au anayeshindwa kabisa kufuata masomo, mpelekeni kituo cha upimaji cha EARC kilicho karibu badala ya kukisia. Na kabla ya kutia saini chochote na mfadhili kuhusu data, mwonyesheni mkataba mtu anayeijua sheria hiyo. Ofisi ya Kamishna hupokea maswali, na ni nafuu kuuliza leo kuliko kujitetea baadaye.

Kama mfadhili ni mwungwana, na wengi ni waungwana wakielezwa, mwombe ageuze bei ya mashine. Wekeni vocha za simu kwa walimu wa madarasa, marupurupu kidogo ya mwalimu mmoja atakayekuwa mtu wa kuwafuatilia watoto na ambaye wazazi watajulishwa jina lake, nauli ya kwenda kushughulikia vyeti vya kuzaliwa, komeo za vyoo, na uji wa saa nne. Wazazi waiteni mkutanoni, muwaambie kwa maneno yenu wenyewe kwamba orodha ile haitakwenda, na muwaonyeshe daftari litakalobaki, lina nini ndani, linafungiwa kabati gani na ufunguo yuko nao nani. Halafu jioni hiyo mpigieni simu mmoja wa wale waliokuwa hawapokei.